Soja wa Milimani atafuta wa kumlindia kwake

Saa moja kasorobo asubuhi, gari jeupe linapunguza mwendo mbele ya geti la makazi mtaani Milimani, Nakuru. Dereva hajapiga honi, na tayari Roselyne Achola ametoka kibandani, kofia sawa, kirungu kiunoni, mkononi kile kioo cha kukagulia uvungu wa gari.

"Habari ya asubuhi, boss. Unaenda kumwona nani?"

"Aah, madam! Si unanijua? Nilikuja jana. Nilikuja juzi."

"Nakujua sana. Kitambulisho."

Dereva anacheka, anakitoa. Achola anakitazama, anamtazama mwenyewe, anakirudia tena, kama mtu aliyeambiwa achague kati ya mapacha. Kisha geti linafunguka.

"Hapa hata malaika Gabrieli akileta ujumbe ataniachia kitambulisho kwanza," anasema, akirudi kwa chai yake iliyokwisha kupoa.

Achola, mama wa watoto wawili mwenye umri wa miaka 41, amekuwa soja kwa miaka kumi na mmoja. Amelinda benki, amelinda ghala la mbolea, na sasa analinda nyumba za watu wenye nafasi zao. Nyaya za umeme juu ya kuta anazijua. Kamera anazijua. Ving'ora vinavyolia paka akipita tu, hivyo ndivyo vilivyomzeesha.

Kwa hivyo mwaka huu, yeye na mumewe waliponunua nyumba yao ya kwanza kule Barut, nje kidogo ya mji, jamaa hawakuwa na shaka ni nani angechagua ulinzi.

"Walisema, 'Hiyo muachieni Achola. Huyo ni daktari wa ugonjwa wa wezi,'" anakumbuka.

Daktari huyo nusura ajitibu vibaya.

Nyumba yenyewe ni ya vyumba vitatu, mabati ya kijani, na kiwanja cha kutosha sukuma wiki na kamba ya nguo. Achola hulipwa shilingi 17,000 kwa mwezi. Mumewe, Joash Wanyonyi, huchomelea mabomba ya mvuke kule Olkaria. Walijinyima miaka tisa kuipata.

"Kuna Krismasi tulikula kabeji tukaiita kuku," anasema Achola. "Na watoto wakauliza kama kuna paja."

Lakini furaha ya kuhamia ilikuja na swali lililomnyima usingizi. Wanyonyi huondoka Jumapili jioni na kurudi Ijumaa. Achola mwenyewe hutoka nyumbani kukiwa giza na kurudi saa moja na nusu usiku. Binti zao, Natasha wa miaka kumi na miwili na Mitchelle wa miaka sita, huwa wamefika kutoka shule saa kumi. Katika saa hizo, nani yuko na watoto?

"Kule kwa ploti ya kupanga tulikuwa milango kumi na minne, choo kimoja," anasema. "Mtoto akikohoa, wamama wanne wanauliza ni wa nani. Huku Barut akikohoa, anajibiwa na ukuta."

Basi familia ikakaa mezani kuchagua mlinzi, na kila mtu alikuwa na mgombea wake. Wanyonyi alitaka waya wa umeme juu ya ukuta.

"Na stima ikipotea?" Achola akamuuliza.

"Basi mwizi naye siku hiyo ana bahati. Tumuonee wivu?"

Natasha alitaka kamera. Mama yake akamwambia kamera itamwonyesha mwizi akibeba televisheni, vizuri kabisa, ila hiyo picha Natasha ataitazamia wapi na televisheni imeenda? Mitchelle alitaka mbwa, tena mdogo, wa kulala naye.

Fundi wa kamera, kijana mcheshi aitwaye Jerry, aliitwa hata hivyo. Alikuja na mkoba na maneno matamu.

"Mathe, na hii unaangalia nyumba yako hata ukiwa Dubai."

"Mimi niko Milimani," Achola akamjibu, "na bando yangu ya intaneti huisha Jumanne."

Mwishowe aliyeshinda ni Achola, na mgombea wake alikuwa chuma. Mlango wa chuma wenye kitasa kinachojifunga chenyewe ukiurudisha. Vyuma kwenye kila dirisha. Geti lenye kufuli kubwa kama ngumi ya mpiga mieleka. Na juu ya ukuta, pande zote, vipande vya chupa vilivyosimikwa kwa saruji. Wanyonyi alichomelea wikendi baada ya wikendi, akinung'unika kwamba hata jela ya Nakuru ina madirisha makubwa kuliko hayo.

"Nilimwambia chuma hakihitaji bando," asema Achola.

Upande wa pili wa ukuta anaishi Jepkemei, mfugaji wa makamo ambaye mtaa mzima humwita Mama Kipkemoi. Ana ng'ombe watatu, na sauti inayofika kwa wote watatu bila yeye kutoka jikoni. Wiki ya pili baada ya familia kuhamia, alivaa leso safi, akachukua kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao, akaenda kumkaribisha jirani. Akabisha geti.

Achola, siku hiyo akiwa mapumzikoni, alichungulia kwenye kitundu.

"Habari mama. Unaenda kumwona nani?"

"Nakuja kwako."

"Sawa. Kitambulisho?"

Jepkemei akisimulia hayo sasa hucheka mpaka afute macho, lakini siku ile hakucheka. "Nilifikiri ananitania. Nikangoja acheke kwanza, ndio na mimi nicheke. Hakucheka. Nikamwambia, mama, mursik yangu haina kitambulisho. Nikarudi nayo."

Achola hukwaruza kucha mezani akifika hapo. "Neno lilitoka lenyewe, kama chafya. Kabla sijalirudisha, mtu ameshaenda. Na mimi badala ya kumfuata, nikafunga kitundu."

Jambo la ajabu ni kwamba Achola alikulia katika nyumba za reli, ambako babu yake alikuwa mfanyakazi, na mlango ulikuwa pazia. Chumvi ikiisha, mtoto aliingia kwa jirani akachota, salamu baadaye. "Kazi ndiyo ilinifundisha kwamba kila mtu ni mwizi mpaka aonyeshe karatasi," asema. Kwa wiki nyingi, yeye na Jepkemei wakawa wa salamu ya kidevu tu, ile ambayo mtu huinua kichwa kidogo na kuendelea na hamsini zake.

Mpaka Jumatano moja ya mwezi uliopita.

Natasha alikuwa ameinjika maharagwe kwenye gesi. Mitchelle alikuwa amelala chumbani. Mawingu yakakusanyika, Natasha akatoka mbio kuanua nguo. Upepo ukausukuma mlango. Kitasa kikafanya kazi ile ile kiliyonunuliwa kuifanya: kikajifunga. Funguo zote, za mlango na za geti, zilikuwa ndani juu ya meza.

"Nilisukuma, nikapiga teke, nikaita Mitchelle," asimulia Natasha. "Halafu moshi ukaanza kutoka dirisha la jikoni."

Alipiga mayowe. Jepkemei, aliyekuwa akikama, alimsikia akaacha ndoo. Alifika getini, akakutana na kufuli. Akauzunguka ukuta, akakutana na chupa. Akarudi kwake, akaleta ngazi ya ghala la mahindi na gunia, akalitupa gunia juu ya vile vigae, akapanda. Gunia halikutosha. Kigae kimoja kilimpasua mkono, kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko.

Hata ndani ya ua hakukuwa na pa kuingilia. Vyuma madirishani havikuruhusu hata paka. Basi Jepkemei akarudi ukutani, akaivuta fimbo yake ya ng'ombe aliyokuwa ameiegemeza kwenye ngazi, akaipitisha kati ya vyuma vya dirisha la chumbani, na kumdokoa Mitchelle ubavuni kama ndama mvivu.

"Amka, we mtoto! Amka uende malishoni!"

Mitchelle aliamka akilia. Kwa sauti ile ya kuita ng'ombe, ambayo sasa ilikuwa imeshuka ikawa laini, Jepkemei alimwongoza hatua kwa hatua: inama chini, usiangalie jikoni, nenda mezani, chukua funguo zote, niletee. Mkono mdogo ukatoa funguo kati ya vyuma. Mlango ukafunguliwa, gesi ikazimwa. Walipoteza sufuria, pazia na maharagwe ya siku mbili.

Simu ilimkuta Achola kibandani. Mwenzake wa zamu, Kipsang, alimnyang'anya kioo mkononi akamwambia, "Enda! Hata sijui unangoja nini."

Alipofika Barut, kwake kulikuwa kimya. Sauti za watoto zilitoka ng'ambo. Akaenda kwenye geti la Jepkemei, geti la mbao lisilo na kufuli, na kwa mara ya kwanza akabisha hapo. Jepkemei akatokea, mkono umefungwa kwa kitambaa cha leso, damu ikiwa imepenya. Akasimama katikati ya njia.

"Habari ya jioni, mama. Unaenda kumwona nani?"

Achola akautazama ule mkono.

"Kitambulisho," akasema Jepkemei.

Na soja wa miaka kumi na mmoja akapapasa mfuko wa sare, akakitoa, akampa. Jepkemei akakigeuza, akakitazama, akamtazama mwenyewe, akakirudia tena.

"Hapa ulikuwa mwembamba," akasema. "Ingia ndani, Mama Natasha, watoto wamekula. Wewe bado."

Kibuyu cha mursik kilikuwa mezani.

Leo Jepkemei ana kovu, na Achola husema kwamba kila akiliona hujisikia kama ndiye aliyelichonga. Jibu la Jepkemei ni moja: "Acha kulia juu ya mkono wangu, unaulowesha."

Kesho Jumamosi, Wanyonyi atashika grinda. Vigae vyote vya upande huo vitang'olewa, ukuta utakatwa, na hapo patawekwa kageti kadogo kati ya nyua mbili. Kitasa cha kujifunga kimeshatolewa. Kufuli la mbele, Achola amegoma kulitoa. "Hilo libaki. Sijaokoka kiasi hicho."

Simu inalia kibandani. Ni Wanyonyi, yuko kazini Olkaria, anapima vyuma vya kageti.

"Mama Nat, komeo naweka ndani, si ndiyo?"

"Hapana. Weka upande wa Mama Kipkemoi."

"Upande wa nje? Wewe si ni soja? Komeo hukaa kwa mwenye nyumba!"

Gari lingine linakata kona kuja getini. Achola anasimama, anashika kioo chake, simu ikiwa bado sikioni.

"Baba Nat, saa kumi jioni mimi niko Milimani na wewe uko Olkaria. Mwenye nyumba ni nani?"

"Haya," anasema Wanyonyi. "Naliweka kwake."