Mapeasi ya Mlimani Kwetu

Uvumilivu wangu uliisha mwalimu alipotabasamu. Sifuri nyekundu kwenye kazi ya binti yangu niliimeza. Hata lile la kumsimamisha mwanangu mbele ya darasa na kumwambia hadithi za kutunga zina siku yake, nililimeza. Lile tabasamu la kumtuliza mjinga ndilo lililokwama.

“Mama, watoto wanapenda kuota,” akaniambia. “Tanzania ni joto. Mapeasi yanatoka huku kwetu, Cape.”

“Umeshawahi kufika kwetu?”

“Sijafika, lakini…”

“Basi nyamaza.”

Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti. Mzazi aliyekuwa mlangoni akageuka kutazama kiatu chake.

Kazi ilikuwa kuandika historia ya kijiji cha wazazi. Binti yangu alizaliwa hapa Joburg. Mwaka ule, 2017, alikuwa na miaka minane. Kiswahili anakisikia, ila anajibu Kiingereza. Kijiji changu hajakiona hata siku moja. Kwa hiyo alichoandika ni maneno yangu, niliyomsimulia chumbani kwetu mtaa wa La Rochelle huku nakunja nguo.

Nilimwambia kwamba Usambara juu kule, mwezi wa saba, ukungu hauondoki mpaka saa sita mchana. Tulikwenda shule kila mtoto na kuni moja mkononi, kwa ajili ya jiko la uji, na asiye na kuni alisimama nje na baridi yake. Nyumba zimebandikwa kwenye mteremko, ukimwaga maji ya vyombo yanamfikia jirani wa chini, naye anakutukana kwa jina la baba yako. Wazee walipanda huko wakiwakimbia watekaji wa watu. Baadaye Waingereza wakaja na amri ya kuchimba matuta, na bibi zetu wakachimba mchana huku wakinung'unika, kwa sababu udongo ule waliujua wao. Kabla ya hao walikuwepo Wajerumani. Nikamwambia hao ndio waliopanda mpeasi ulio nyuma ya nyumba yetu, wakaondoka, mti ukabaki.

Tulipotoka shuleni siku ile binti yangu alitembea hatua mbili mbele yangu. Kwenye robot, tukingoja taa ya kuvuka, akaniuliza bila hasira:

“Mama, ulinidanganya?”

Mwalimu nitamsahau. Lakini mtoto akishaamini kwamba mama yake anatunga alikotoka, nitamwambia nini tena akakubali? Nilitaka kurudi nikamrukie yule mwanamke.

Jirani yangu, fundi cherehani kutoka Bukavu, ndiye aliyenikalisha.

“Dada, usipigane naye na mudomo. Ukilalamika kwa kelele watasema ni wale wageni tu, fujo yao. Andika. Karatasi haiogope mutu.”

“Nimeshaandika kichwani.”

“Ile ya kichwani iko na matusi. Andika ingine.”

Jumamosi asubuhi nikampigia mama yangu kijijini anitumie picha ya mti. Nilitaka ushahidi. Simu niliiweka sauti kubwa, binti yangu akiwa kitandani anajifanya hasikii.

“Picha ya peasi?” mama akasema. “Huko kwenu hakuna wazimu mwingine?”

Nikamweleza. Nilipofika kwenye Wajerumani akanikata.

“Nani kakwambia walipanda wao? Walipanda kwao, misheni. Huu wetu bibi yangu aliuiba. Alikuwa anafagia bustani yao. Akang'oa mche, akaufunika na majani ya ng'ombe kwenye kikapu, akapita nao getini anawaamkia.”

Kitandani kukasikika kicheko. “She stole it?”

“Huyo nani, anasemaje?” mama akauliza. Nikamwambia ni mjukuu wake, anauliza kama kweli uliibwa. “Mwambie ndiyo, na aje ale, yameiva.”

Miaka yote nimekuwa nikiwapa wageni sifa ya mti wa bibi wa mama yangu, na hakuna aliyenilazimisha. Mwalimu hakujua kwetu. Mimi nilijua nusu, nikajaza iliyobaki kwa yale ya kitabu cha shule.

Picha ilifika, na Jumatatu nikapeleka barua ofisini, kwa bodi ya shule, nikamngoja karani agonge muhuri kwenye nakala yangu. Niliiandika kwa Kiingereza, lakini ilisema hivi:

“Nalalamika kwamba mwanangu aliitwa mwongo mbele ya wenzake na mwalimu ambaye hakuuliza mtu yeyote. Baridi ni ya kweli. Kuni ni za kweli, nilizibeba. Mapeasi ni ya kweli, na picha nimeambatisha. Kosa moja limo, nalo ni langu: nilimsimulia kwamba mti wetu ulipandwa na Wajerumani. Uliibwa kwao na bibi wa mama yangu. Mwanangu amelisahihisha kwa mkono wake. Siombi mwalimu afukuzwe. Naomba sifuri ifutwe, kazi isahihishwe upya, na mwanangu aisome yote mbele ya darasa lile lile, mwalimu akiwa ameketi.”