Nyangumi wa Kinjumbi na Ndege wa Milola

Niliyoandika siku ile bado nayapima, maana mimi niliishia darasa la nne na pengine kazi yenyewe sikuielewa. Mzungu mmoja, mkusanyaji wa viumbe adimu, alikuja Kilwa Kivinje akaniajiri niwe mwandishi wake. Agizo lake lilikuwa moja: niandike nani ameona kwa macho, nani ameambiwa tu.

Baba mkwe wangu, mvuvi wa Kinjumbi, alisema bahari ilimtupa ufukweni nyangumi mwenye mdomo kama wa ndege, na meno mawili tu. Mtani wake, mtega ndege wa Milola, alileta tengani kidege chenye kifua cha manjano, akidai msitu mzima hauna kinachoimba kama hicho.

"Wangu huyu hapa," mtani akasema. "Wako yuko wapi, mzee wa chumvi?"

"Wako nikimkoholea anakufa. Wangu tulimkata siku tatu."

Hapo shaka ikaniingia. Nyangumi walimchemsha mwili wote, hata kichwa, wapate sifa, yale mafuta ya kupaka vyombo visivuje. Na mifupa? "Maji makuu ya bamvua yaliichukua," baba mkwe akajibu. Labda. Mimi nilifika siku ya nne, nikakuta masufuria na harufu.

Baba mkwe akanivuta pembeni. "Mkwe wangu, andika uliona. Hata wanangu sasa wananiita mwongo."

Ndege naye nilimshuku. Manyoya yalinata ulimbo, gundi ya mtego, nisijue kama yote ni yake, na siku mbili hakutoa sauti. "Safari imemchosha," mtegaji akasema. Sikutaka kumpendelea kwa kuwa ndege hubebeka, wala kumwonea baba mkwe kwa kuwa nyangumi hatiwi tengani. Nikaandika: nyangumi sikumwona, nilinusa mafuta, ndege nimemwona, sikumsikia akiimba.

Nikamsomea baba mkwe. Yeye alijua herufi za Kiarabu, hizi za Kizungu hakuzijua. Alinitazama kidogo, akachukua karatasi, akaenda kwa Mhindi mwenye duka asomewe upya. Iliniuma. Lakini haki isemwe: nilikuwa nimewaza kumsomea vingine.

Akarudi. "Ni kama ulivyosema," akanirudishia karatasi.

Tangu hapo, kila akisimulia habari za nyangumi huanza hivi: "Mkwe wangu hakumwona." Ndipo anaendelea, na watu humsikiliza kuliko zamani. Kama ananishukuru au ananisuta, sijathubutu kumwuliza.