Mihuri ya Dada Esperansi

Harufu ya jiki hunikuta popote, kwenye korido za hospitali, kwenye mashuka ya nyumba za wageni, na kila inaponikuta mimi huangalia kwanza nani yuko karibu. Wenzangu husema ni harufu ya usafi. Kwangu ni harufu ya kushukiwa, na wewe nitakueleza kwa nini, maana yote sijawahi kumweleza mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa Kituntu, kwenye nyumba ya bati iliyozungukwa na migomba na mibuni. Baba alikuwa mtu wa Muleba aliyeletwa Karagwe na kazi ya ukarani wa kijiji, na maisha yake yote yalikuwa makaratasi: orodha za wakazi, barua za utambulisho, na muhuri aliorudi nao nyumbani kila jioni akaufungia kabatini. Chumba cha uani alikaa dada Esperansi, msichana wa miaka ishirini na kitu, aliyetupalilia kahawa na kutuvunia maharage. Alizaliwa pale pale Karagwe, upande wa Rugu, lakini wazazi wake walitoka Burundi, na hilo watu hawakulisahau hata walipokuwa wakila naye sahani moja.

Mambo yalianza na shati langu la shule. Nililichafua kwa wino, nikachukua jiki ya mama nitoe doa kabla hajaona, chupa ikaniteleza, nusu yake ikanywewa na majani. Nikajazia maji mpaka pale pale ilipokuwa. Nilijiona mjanja sana. Wiki ile mashuka ya mama yakakataa kutakata. Aliinusa chupa, akasugua kidole na kidole, ule utelezi haukuwepo. Hakufoka. Alituuliza mmoja mmoja kwa sauti ya chini, akituangalia machoni, na tangu siku hiyo chupa ikahamia chini ya kitanda chake. Nilijua ataniuliza tena.

Ndipo nikaanza kunusa jiki uani. Kila alasiri, dada Esperansi akishatoka shambani na kunawa miguu, mlango wake ulifungwa kwa komeo na ile harufu ikatambaa chini ya mlango. Nguo nyeupe hakuwa nayo hata moja. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikijifanya nachambua maharage, huku nahesabu muda. Akitoka, ncha za vidole vyake zilikuwa zimekauka na kupauka. Nikimwamkia, aliitika vizuri tu, akaficha mikono ndani ya kanga. Kwangu hilo lilitosha.

Siku hizo hizo baba alileta habari mezani. Alisema huko Kyerwa kuna watu wanaosha barua za zamani za utambulisho kwa jiki, wino ukishatoka wanaandika majina mapya, na mihuri wanachonga wenyewe. Alikuwa anapoza ndizi zake kwa uma, hana haraka. Mama aliacha kutafuna, akatazama dirisha la uani. Hakuna aliyetaja jina, lakini mimi nililisikia.

Kesho yake nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Dada Esperansi alikaa sakafuni, karatasi nyeusi ya manila mbele yake, kipande cha sponji ya godoro kwenye kisosi. Mkononi alishika kigogo kidogo. Alikigusisha kwenye sponji, akakigandamiza juu ya karatasi, akakiinua taratibu na kuinama kuangalia.

Jioni mama aliniita chumbani, chupa ikiwa mkononi mwake. Kabla hajafungua mdomo nilimwambia dada Esperansi ana jiki ndani, na ana muhuri.

Baba hakumaliza chai. Alimwita balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mmoja mpole ambaye siku ile hakuonekana mpole, wakaenda kugonga. Mimi nilisimama nyuma ya mama. Dada Esperansi alifungua, akasema shikamoo, hakuna aliyeitikia. Baba alimwomba atoe kila kitu nje. Alitoa boksi la viatu na chupa yake mwenyewe ya jiki, ndogo, mpya, tofauti kabisa na ya kwetu.

Ndani ya boksi mlikuwa na mihuri kumi au zaidi, imechongwa kutoka kwenye soli za kandambili na kugundishwa kwenye vipande vya mbao. Mmoja ulikuwa tawi la mbuni. Mwingine mkungu wa ndizi, mwingine msalaba, na mmoja ng'ombe wetu wa pembe ndefu, pembe zimepinda vizuri kabisa. Chini yake zilikuwa kadi. Alisema anawatengenezea watoto wa kipaimara pale kigangoni, alitaka wasijue mpaka siku yenyewe.

Baba akasema aonyeshe.

Akapiga magoti pale uani. Alitandaza karatasi nyeusi, akaloweka sponji kwa jiki na kuigusisha muhuri mmoja. Aligandamiza, akainua. Karatasi ilibaki nyeusi, ina umajimaji tu. Balozi akakohoa. Kisha rangi ikaanza kuondoka yenyewe, kwanza kahawia, halafu rangi ya chungwa kama moto wa kuni, na ng'ombe akatokea, pembe, nundu, mkia. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Mama alisema, "Jamani," basi.

Baba alimtazama yule ng'ombe kwa muda mrefu. Nilidhani atacheka, amwombe radhi, turudi kwenye chai. Badala yake akakusanya mihuri mmoja mmoja, akairudisha kwenye boksi, akaliweka kwapani.

"Mtu anayeweza kuchonga hivi," alimwambia balozi, "anaweza kuchonga chochote."

Kadi alimwachia. Mihuri hatukuiona tena. Wiki hiyo dada Esperansi alifunga mzigo wake aende kwa mama yake mdogo, Bugomora. Alinikuta bombani, akatua begi.

"Koku, pale mlangoni uliona nini?"

"Muhuri," nilisema.

Akatikisa kichwa polepole, akajitwika begi lake, akaenda. Mama hakuniuliza tena habari ya jiki. Siku ya kipaimara watoto wote tulipewa kadi, na yangu ilikuwa na jina langu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilikuwa mtoto tu, nilisema nilichokiona, waliokosea ni wakubwa. Sasa nina watoto, najua jinsi mtoto anavyomsoma mtu mzima, jinsi anavyojua jibu gani linasubiriwa mezani na jina gani halitatetewa na mtu. Ule ufa ulikuwa mpana. Mwanga wa alasiri ulikuwa unaingia vizuri dirishani kwake. Alipoinua mkono niliiona karatasi, nikasubiri pamoja naye, na nikamwona ng'ombe akitokea pembe kwa pembe. Nilimwona kabla ya baba, kabla ya mtu yeyote. Nilijua ni ng'ombe nilipokwenda kusema ni muhuri.