Harusi ya Zena na Maji ya Bibi

Wenzangu, leo nusura harusi ya binti yangu ifutwe kwa sababu ya bakuli la maji!

Mnajua boma la Wajerumani hapa Songea lilivyoingiwa na hofu tangu zije habari za dawa ya maji inayozuia risasi. Watu wakikusanyika kidogo tu, askari huyo.

Sasa sheikh kaozesha, alhamdulillahi. Bibi yake Zena akatoka na maji ya unga awanyunyizie maharusi kwa majani, kama wazee wetu wanavyobariki.

Papo hapo akaingia shaush, yule mkubwa wa askari wa boma, na askari wake wawili.

"Harusi imefutwa! Tawanyikeni! Maji hayo ya nini?"

"Ya baraka, mjukuu wangu."

"Yanazuia risasi?"

"Yangezuia hata mdomo wa mama mkwe, ningeyauza!"

Nilitaka kucheka, lakini Zena alikuwa analia. Ya Rabi, mwanangu aondoke bila baraka?

Shaush akalikamata bakuli. Bibi hakuachia. Wakavutana weee, maji yakammwagikia shaush mwenyewe: kofia, uso, kifua!



Askari wake wakarudi nyuma. Mkubwa wao kalowa maji yale yale aliyokuja kuyakataza! Bomani atasema nini?

Akapangusa unga kwenye nyusi.

"Mimi sikufika hapa," akasema polepole.

"Hukufika!" tukaitikia wote.

Boma kuogopa, sikatai. Ila ndiyo watoto wetu wasiolewe? Semeni nanyi.

Bibi akachota maji mengine, akambariki Zena wake. Kisha akamgeukia shaush:

"Basi kwa kuwa hukufika, kaa ule wali."

Kala sahani mbili.