Ngata ya Bi Rehema

Nilipokuwa mtoto, kichwa changu kilitumiwa kumhukumu mtu. Nasema kilitumiwa, kwa sababu mimi mwenye kichwa niliulizwa siku ya mwisho tu, na jibu langu halikutakiwa.

Kijiji chetu kilikuwa juu ya mlima, upande wa Kilambo, na maji yalikuwa chini bondeni. Kushuka ni mchezo. Kupanda na debe kichwani, jua limeshachomoza, ni kazi ya kumtoa mtu roho. Wanawake na wasichana tulishuka alfajiri kwa msururu, tukateka, tukapanda, na tukifika juu karibu kila mmoja anajifunga kitambaa kwenye paji la uso, kichwa kinamgonga. Tulikiita kichwa cha mlima. Mtu anaulizwa, "Leo vipi?" anajibu, "Kichwa cha mlima," basi, yamekwisha.

Kinga yake ilijulikana, na mlinzi wa kinga hiyo alikuwa bibi yangu mzaa mama. Niliachwa kwake, maana mama alikuwa amemfuata baba Mtwara, ambako bandari ilikuwa inajengwa. Usile kitu kabla ya kushuka, alisema bibi, tumbo zito huvuta kichwa. Usinywe maji kisimani, kwa sababu mzimu mwenye kisima hapendi mtu anywe kabla ya watu wa nyumbani. Ukinywa atakubana kichwa mpaka macho yatoke. Na ukifika nyumbani usinywe mpaka jasho likauke, la sivyo maji yatapanda kichwani badala ya kushuka tumboni. Tulimtii kama tunavyoitii swala, na vichwa vikatuuma kila siku ya Mungu. Ukilalamika, unaambiwa bila kinga kingeuma zaidi.

Leo wajukuu zangu wakienda mpirani nawapa uji na maji kwanza, wakirudi nawaketisha kivulini nawapa maji tena, na hakuna anayeniletea habari ya kichwa. Ni jambo dogo hivyo. Ndiyo maana mpaka leo linaniudhi.

Kichwa changu kilikuwa kibaya kuliko vya wenzangu; nilikuwa natapika. Nilikuwa na miaka kama kumi hivi. Siku moja, katikati ya mlima, ngata yangu ilifumuka, na debe haliwekwi juu ya utosi mtupu. Nyuma yangu alikuwa Bi Rehema. Huyu alikuwa Mmakua wa ng'ambo, mwanamke wa makamo aliyevuka Ruvuma kukimbia kazi za lazima za Wareno. Hana mume, hana ndugu, ana mdomo. Alitoa ngata yake ya majani makavu ya mgomba iliyozungushiwa kaniki, akaniwekea kichwani, yeye akakunja kipande cha nguo yake.

"Haya pita, usituzibie njia," akasema.

Nilifika nyumbani nikatapika mlangoni. Bibi akaiona ngata.

"Ya nani hii?"

"Ya Bi Rehema."

Akaiinua kwa kijiti, kama mtu anayeondoa nyoka aliyekufa. "Amekukaza," akasema.

Kwetu iliaminiwa kwamba mtu mzima aliyechoka na mizigo yake humpa mtoto ngata yake, na tangu hapo mzigo wake unakaa juu ya kichwa cha mtoto. Mkubwa anatembea mwepesi, mtoto anakauka. Huko ndiko kukazwa. Kwamba nilikuwa nikitapika miaka miwili kabla ya kuigusa ngata ile, hakuna aliyekumbuka. Kufika alasiri kijiji kizima kilikuwa na habari, na jumbe akasema shauri litasikilizwa Ijumaa baada ya swala. Akionekana ana kosa, Bi Rehema arudishwe ng'ambo. Na kila mtu alijua mtu aliyetoroka anapokelewaje ng'ambo.

Mimi niliamini. Niseme kweli, niliamini na nikafurahi, maana hatimaye nilipata wa kumchukia kwa maumivu yale. Kesho yake, Jumanne, nilijichelewesha kisimani mpaka wenzangu wakapanda, nikamtupia ngata yake miguuni.

"Chukua mzigo wako."

"Shikamoo umeiacha nyumbani?" akaniuliza.

"Siamkii mchawi."

"Haya. Umekula nini leo, wewe usiyeamkia wachawi?"

"Sijala."

"Umekunywa?"

"Nani anakunywa kisimani?"

"Mimi." Akachota kwa kata, akanywa taratibu, akapangusa mdomo. "Mwaka wa tatu huu nakunywa hapa. Umewahi kuniona nimejifunga kitambaa? Huyo mwenye kisima wenu labda hajui Kimakua. Akinitisha simsikii."

Nilibanwa na kicheko, nikakimeza. "Nikinywa nikafa, umeniua wewe."

"Ukifa nitakubeba mpaka kwa bibi yako. Wewe ni mwepesi kuliko debe lako. Kunywa."

Nilikunywa kwa hasira, kata tatu. Akanimegea muhogo wa kuchoma, nikala. Kisha nikaiokota ngata ile ile nikaivaa, ili jambo lijulikane. Tukapanda, akanipumzisha kivulini mara mbili. Nilipofika juu nikakaa kukingoja kichwa. Nilikingoja mpaka adhuhuri. Hakikuja.

Mimi si mtu wa kuridhika na mara moja. Jumatano nilisuka ngata yangu mpya, sikula, sikunywa, nikapanda bila kusimama kama bibi alivyotaka. Nikatapika mara mbili. Alhamisi nikavaa ya Bi Rehema, nikala, nikanywa, nikapumzika njiani. Salama. Sikuwa nimekwenda skuli hata siku moja, na kusoma nilikuja kujifunza baadaye kwenye magazeti ya kufungia sukari, lakini hilo halikuhitaji kusoma.

Ijumaa watu walijaa barazani kwa jumbe. Jumbe mwenyewe alikuwa mtu wa kuogopa kelele, akataka kumaliza upesi.

"Binti, huyu mama amekufanya nini?"

"Amenipa maji."

Nikaeleza yote, ya kisimani, ya muhogo, ya ngata mbili. Nilijua nimejitangaza mvunja mwiko mbele ya bibi yangu. Bibi hakunitazama. Alimtazama jumbe.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Juzi alikuwa amemshika kichwa tu. Leo na ulimi ni wake."

Watu wakaguna kukubali. Hasira ikanipanda. "Basi kesho kunyweni nyote," nikawaambia, "atakayekufa azikwe." Kofi lilitoka nyuma yangu, mpaka leo sijui la nani.

Jumbe akatafuta katikati, kama kawaida ya watu waoga. Bi Rehema asirudishwe ng'ambo, ila ateke maji peke yake, adhuhuri, watu wote wakishamaliza. Maana yake apande mlima ule jua likiwa utosini, kila siku.

Bi Rehema alikung'uta nguo akasimama. "Jumbe, amri za namna hii nimezikimbia kwa Wareno," akasema, "na wale walikuwa na bunduki."

Alasiri ile ile akafunga virago akashika njia ya Mtwara. Alipita mbele ya mlango wetu. Nilikuwa nimesimama pale, shavu bado lina moto, bibi yuko ndani. Nilimtazama mpaka njia ikamficha.

Haukupita mwezi nikaanza kuwaona wanawake kisimani. Anatazama huku, anatazama kule, anainama, akiinuka kidevu kina maji. Mihogo ya kuchoma ikaanza kuonekana kwenye pindo za khanga. Vitambaa vya kichwani vikapungua, na siku moja nikamsikia jirani akimwambia bibi kwamba alisema kweli: tangu mchawi aondoke, vichwa vimepona. Bibi akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa natwanga, nikatwanga kwa nguvu mpaka nikamwaga.

Bibi alikufa na imani yake hiyo. Miaka mingi niliiita roho mbaya, na sijaacha kabisa kuiita hivyo. Lakini nimefikia umri wake sasa, na nafikiri mengine. Mwanamke yule aliupanda mlima tangu usichana wake, akaupanda ana mimba, akaupanda na mtoto mgongoni, kila siku kichwa kikimpasuka, kinywa kikavu, maji yako juu ya utosi wake. Halafu mtoto wa miaka kumi anasimama mbele ya watu kusema kata tatu zingetosha. Angenikubali mimi, maumivu yake yote yale angeyaweka wapi? Nimemwelewa bibi yangu. Kumsamehe si kazi yangu. Si mimi niliyefungishwa virago.