Jinzi Niliyoichana kwa Wembe

Msinicheke sana. Mimi mwalimu wa Igwachanya napenda muziki wa panki, ule wa magitaa ya kelele na mashabiki wa nguo zilizochanika, tangu ujana, ila bendi jukwaani sikuwahi kuiona. Niliposikia moja inapiga Makambako, niliichana jinzi yangu magotini kwa wembe, nikaitundika chumbani. Siku ya safari umeme ulikatika, nikaivaa gizani, juu nikavaa koti refu la baridi.

Ukumbini nikalivua koti kwa madaha. Vijana, wote magoti nje, wakaniangalia miguuni. Nikainama: mke wangu alikuwa ameshona viraka vya kitenge magoti yote mawili, akaipiga na pasi.

Mwimbaji, mwenyewe akitetemeka kwa baridi, akasimamisha wimbo.

“Shikamoo, mzee,” alisema kwenye kipaza sauti. “Wewe nyumbani unapendwa.”