Kila Nyumba Kura Moja kwa Mtani

Binti yangu aligombea uenyekiti wa kitongoji kwa sababu ya pampu ya maji. Imevunjika mpini siku nyingi, wanawake tunashuka bondeni na ndoo, na wenyeviti wote waliopita ni wanaume, maji wanayaona yakishafika mtungini. Akaniambia, "Mama, wakinipa kiti, cha kwanza pampu." Nikamwambia gombea.

Mpinzani wake ni mwenyekiti wa zamani, yule anayekohoa kabla ya kila neno. "Khm, ndugu zangu, khm, maendeleo." Ukingoja hayo maendeleo yatoke kooni, korosho zimeshaokotwa na kuuzwa. Nikajua tumeshinda.

Akatokea wa tatu, mtani wetu. Mimi Mmwera, yeye Mngoni, na mtani akitaka kitu humkatalii. Siku tunamzika mume wangu alishuka akalala kaburini, hatoki mpaka apewe jogoo, na tukampa. Safari hii kapata chama ambacho huku kwetu, nje kidogo ya Ruponda, mwanachama ni yeye peke yake. Mkutano hakufanya. Alipita nyumba kwa nyumba, anasemea puani kama mtoto anayeomba muwa: "Jamani, kushinda sitaki. Nipeni moja tu nisipate sifuri, wakwe zangu Ruangwa watanicheka." Watu wanacheka, anakunywa uji wao, anahamia nyumba ya pili. Kwangu alipata uji tu.

Kupiga kura hakukuchukua muda. Kuhesabu ndiko kulikotutoa roho. Msimamizi alikuwa kijana wa mjini, kila neno analisema mara mbili: "Tunaomba utulivu. Utulivu tunaomba." Wakahesabu. Binti yangu na yule wa kikohozi wamebanana. Wakala mmoja akabisha, eti alama imechorwa katikati ya karatasi. Wakahesabu upya. Magharibi tukaenda kuswali, tukarudi, bado wanabishania karatasi ileile. Mjukuu wangu ananiambia, "Bibi, tulia, ngoma bado mbichi." Mbichi, na magoti yangu yameshaiva.

Kilichonitia wasiwasi ni mtani. Msimamizi alipolisoma jina lake mara ya kwanza, watu wakacheka. Akalisoma tena, wakacheka kidogo. Alipozidi kulisoma, watu wakaanza kuangalia chini.

Ndipo tukatangaziwa. Yule wa kikohozi kamzidi binti yangu kura tatu. Mtani kawa wa mwisho, lakini ana rundo zima. Kila nyumba ilimhurumia kwa kura moja, ikidhani ni yenyewe tu. Na ukimuuliza mtu, anakutolea macho: "Mimi? Mimi nilimpa dada."

Asubuhi mtani akaja kushukuru, nyumba kwa nyumba vilevile. Kwetu alimkuta mkwe wangu, mume wa binti, anapasua kuni.

"Shemeji, ahsante kwa ile yako. Uliahidi, ukatimiza."

Mkwe wangu ana sauti nene ya kufukuzia nguruwe pori shambani. Siku hiyo ilitoka kama ya kifaranga. "Moja tu, mama watoto. Nilijua wengine watakupa wewe."

Binti yangu alikuwa ndio anajifunga kanga aende bondeni. Hakupaza sauti. "Na wangapi wengine walijua hivyo?"

"Karibu wote," mtani akajibu, anacheka. Kisha akaona hakuna anayecheka naye.

Binti akawawekea ndoo mbele, kila mtu yake. "Mtani, kura zangu umekula, kwa hiyo utanichotea maji mpaka pampu ipone. Baba watoto atakuonyesha njia, kama anaijua."

Utani unakata huku na huku, hakuweza kukataa. Wakaondoka. Wanawake wakatoka milangoni kuwatazama, na wengine, najua, walikuwa wanaangalia kazi ya kura zao.

Binti naye akaenda kwa mwenyekiti mpya, ambaye ni yuleyule wa zamani. Sio mbali, nilikuwa nasikia kila kitu. "Khm, pampu, khm, tutaiangalia." Na yeye anajibu taratibu, "Sawa, baba. Nimekuja na mkeka wangu. Nitakaa hapa mpaka uiangalie."

Mpaka mchana alikuwa hajarudi. Mimi maji ya kupikia nikaletewa na wale wawili, nusu ndoo, yanaelea majani, na mtani kaloa mpaka kofia. "Bibi, kumbe kule kunateleza?"

Nikamrudishia ndoo.